Cheti cha mwanafunzi kiwe kama stakabadhi ya korosho

Korosho zinapouzwa Newala na Masasi, kati ya Oktoba na Desemba, sehemu kubwa ya fedha huishia shuleni. Ada katika sekondari za serikali ilifutwa mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 kwa kidato cha tano na sita. Hata hivyo sare, madaftari na nauli bado ni mzigo wa mzazi. Mavuno ya gharama zote hizo ni karatasi moja tu, yaani cheti.

Karatasi hiyo huhifadhiwa sandukuni, ikisubiri mchwa, moto au paa linalovuja. Ikipotea, mwenyewe huanzia polisi kutoa taarifa ya upotevu, kisha huomba cheti mbadala Baraza la Mitihani la Tanzania na kukilipia. Hayo yakitokea Machi, mikorosho haijatoa hata maua, kijana anaweza kukosa chuo au ajira kwa sababu tu nyumbani hakuna fedha. Mwingine cheti chake kimebaki shuleni kwa ajili ya deni la michango.

Wakulima wa Mtwara wanayo tayari dawa ya tatizo la namna hii. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ilipitishwa mwaka 2005, na korosho ziliingia katika mfumo huo msimu wa 2007/08. Mzigo hupimwa uzito na ubora, ukabaki ghalani, na mnunuzi huamini maandishi ya stakabadhi. Ghala hutunza korosho, lakini mali ni ya mkulima.

Elimu nayo inaweza kwenda hivyo. Baraza, ambalo lilianzishwa mwaka 1973, libaki kuwa mpimaji na mtunza kumbukumbu. Lakini kila mhitimu apewe pia cheti cha kielektroniki chenye saini ya Baraza isiyoghushika, akihifadhi mwenyewe na kumtumia mwajiri au chuo anachotaka. India ilianza mwaka 2015 kwa mfumo uitwao DigiLocker, ambao mabodi ya mitihani huutumia kuwafikishia wanafunzi vyeti vyao moja kwa moja.

Wapo watakaosema matokeo tayari yapo kwenye intaneti. Ni kweli, lakini kuyaona matokeo si kumiliki cheti. Wakulima wanakumbuka misimu ambayo malipo ya pili yalichelewa huku hesabu zikiwa mikononi mwa viongozi wa ushirika. Kumbukumbu ambayo mwenye mali hawezi kuishika humwacha akiwa mwombaji.

Faida haitakuwa ya wahitimu peke yao. Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Vyeti vingine vilikuwa vikitumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Mwenye duka la pembejeo anayetafuta mtunza hesabu hana uwezo wa kufanya uhakiki wa aina hiyo. Angeweza kukagua saini kwa simu dakika hiyo hiyo.

Hapana shaka si kila kaya ina simu ya kisasa, na simu nayo hupotea. Kwa hiyo cheti kifungamane na kitambulisho cha taifa, si na simu, na ofisi ya kata iweze kuchapa nakala yenye alama ya kukaguliwa. Karatasi ya sasa isifutwe. Na hakuna afisa atakayefungua cheti cha mtu bila ruhusa ya mwenyewe.

Msimu wa 2024/25 minada ya korosho ilianza kufanyika kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania. Kama gunia la korosho linaweza kuuzwa kwa mtandao likiwa ghalani Newala, hakuna sababu ya mtoto wa mkulima huyo huyo kusafiri kutafuta uthibitisho kwamba alisoma.