Plagini Thelathini na Moja kwa Sura Tatu

Wenzangu waandishi chipukizi, leo nataka tugombane kidogo. Nitaanza kwa kujisema mwenyewe. Nyani haoni kundule, lakini mimi nyani wenu langu nimeliona, tena mchana kweupe.

Mimi ni kijana wa Muleba. Nilimaliza kidato cha nne, chuo sikwenda, riwaya naandika. Mwaka jana Mama alinipa fedha za kahawa yake, nikapanda gari hadi Bukoba mjini kutengenezewa tovuti ya kuwekea riwaya yangu, sura baada ya sura. Fundi alinipokea vizuri, akanifungulia tovuti ya WordPress, kisha akaanza kuchomeka plagini. Kwa asiyejua, plagini ni kiongezeo: kijiprogramu unachokiweka kwenye tovuti ili ifanye jambo ambalo haikuja nalo. Ghala rasmi la WordPress lina plagini za bure zaidi ya 60,000. Mgeni akiingia humo ni kama usiku wa senene chini ya taa: anakamata kila kinachoruka.

“Kaka, hizi zote nazihitaji?” niliuliza.

“Dogo, si ni bure? Tia tu!”

Tukatia. Nilipofika nyumbani nikaendelea kutia mwenyewe, usiku na mchana, hadi zikafika thelathini na moja. Plagini ya kuhesabu wageni. Plagini tatu za vitufe vya kusambazia, kila moja na vitufe vyake. Plagini mbili za ulinzi, zikawa zinazuiana kama walinzi wawili waliolewa lubisi. Plagini ya duka, na sina hata kitabu kimoja cha kuuza. Na moja ya kudondosha theluji kwenye kurasa. Theluji! Muleba! Unshomile huo, jamani. Nilitaka watu waone kwamba nami nimo.

Riwaya yenyewe ilikuwa na sura ngapi? Tatu.

Mshikaji wangu mmoja wa Kamachumu akajaribu kuisoma kwa simu yake ndogo. Akanipigia: “Kaka, nimechoma bando langu lote, nimeona theluji tu.” Nilicheka, ila iliniuma. Plagini nyingi huja na mizigo yake, na msomaji ndiye anayeibeba kwa bando lake kabla hajaliona neno la kwanza. Sasa niambieni, tunamwandikia nani? Yule mwenye kompyuta mpya Dar es Salaam, au huyu aliyenunua bando la siku ili asome hadithi yangu?

Kilichofuata si cha kuchekesha. Miongoni mwa zile thelathini na moja kulikuwa na moja ya kulipiwa, ambayo nilipewa kijiweni bure, ikiwa imevunjwa kufuli. Baada ya majuma machache kila aliyefungua tovuti yangu alipelekwa kwenye kurasa za kamari. Mjomba wangu, mtu wa kanisa, alifungua akitaka kuona kazi ya kijana wake. Akaniuliza taratibu: “Ndiyo riwaya yenyewe?” Nilitamani ardhi ipasuke. Katika kuhangaika kuisafisha nikapoteza kila kitu. Sura ya nne na ya tano nilikuwa nimeziandikia humo humo kwenye tovuti, bila nakala popote. Zimekwenda. Kahawa ya Mama nayo imekwenda.

Wapo watakaosema kosa lilikuwa lile la magendo tu, chukua za ghala rasmi ulale usingizi. La hasha! Mwaka 2017 plagini moja iliyoitwa Captcha ilikuwa kwenye tovuti zipatazo 300,000. Ikauzwa kwa mmiliki mwingine, na toleo jipya likaja na mlango wa siri wa kuingilia tovuti za watu. Ghala liliiondoa Desemba mwaka huo, lakini ilikuwa imeshaingia majumbani. Kila plagini ni mtu unayempa ufunguo wa nyumba yako. Leo ni mwema, kesho anaweza kuuuza ufunguo huo kwa usiyemjua.

Na hiyo “bure” mnayoshangilia mwiite kwa jina lake. Sisi wa Kagera tunaijua butura: mtu anakupa fedha kidogo kahawa ikingali mbichi mtini, ukija kuvuna unakuta mavuno ni yake. Zipo plagini za namna hiyo. Unaanza bure, unajenga kurasa zako zote ndani yake, kisha ukihitaji jambo la maana unadaiwa malipo kila mwaka. Ukiitoa, kurasa zinabaki magofu. Si zote zilizo hivyo, ila mwanafunzi hawezi kuzitofautisha bila kuuliza.

Basi tuulize. Kwanza, hii inafanya kazi gani ambayo riwaya yangu inaihitaji leo? Pili, WordPress yenyewe haiwezi kuifanya bila msaada? Tatu, nani anaitunza, na mara ya mwisho aliigusa lini? Ghalani tarehe hiyo imeandikwa, pamoja na idadi ya tovuti zinazoitumia na malalamiko ya watumiaji. Yasomeni malalamiko, achaneni na nyota. Nne, nikiitoa kesho, kitabaki nini?

Ikipita hapo, iweke peke yake, kisha fungua tovuti kwa simu duni kuliko zote nyumbani kwenu. Ikichelewa, itoe. Kuitoa ni kuifuta: ukiizima tu, mafaili yake yanabaki humo, na mwizi anaweza kupita hapo hapo. Toleo jipya likitoka, chukua kwanza nakala ya akiba, uiweke nje ya tovuti, ndipo usasishe. Usiache miezi ipite, maana matundu mengi huzibwa na hayo matoleo mapya.

Mimi leo ninazo nne: ya nakala za akiba, ya kulinda mlango wa kuingilia, ya kuharakisha kurasa, na ya fomu ya barua za wasomaji. Siku nikiwa na kitabu cha kuuza nitafikiria ya duka.

Wengine watasema, tovuti ya nini, si tubaki Facebook? Huko ni chumba cha kupanga, mwenye nyumba anaweza kukutoa usiku. Mimi nataka nyumba yangu, hata iwe ya chumba kimoja. Ila nyumba ya mwandishi haipambwi kabla haijawa na mtu ndani.

Ukweli mchungu ni huu, na hapa ndipo tugombane hasa: tulikuwa tunatia plagini kwa sababu kuandika ni kugumu. Kuchomeka ni dakika mbili na unajiona umefanya kazi. Sura moja ni majuma, na hakuna wa kukupigia makofi. Nilitia thelathini na moja ili nisiikabili sura ya sita.

Sasa ninaziandika upya, ya nne na ya tano, kwa kalamu, kwenye kaunta buku. Mama ameniuliza riwaya imefikia wapi. Nimemjibu ukweli. Nawe ndugu yangu, kabla ya kuchomeka nyingine, hesabu: plagini ngapi, sura ngapi?