Staa Kazima Simu, Mjomba wa Mitundu Kaliwa Jero: Nani Aliruhusu Mashine Ipokee Simu kwa Hela ya Mpigaji?

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, ambaye ukimpigia simu akiwa kaizima, anapokea mwenyewe. Yaani unamsikia kabisa: "Halooo... eeh, niambie!" Nawe unamwambia. Unaeleza weee, halafu kinafuata kicheko: "Umenasa! Sipo hapa, acha ujumbe baada ya mlio."

Hiyo ni voisimeili yake, kairekodi kwa mbwembwe. Town washkaji waliipenda mpaka wengine wakaiga. Kila aliyenaswa alicheka, akakata simu, akaendelea na maisha.

Mitundu haikuchekesha.

Kwa wasiopajua, Mitundu ni kule Itigi, mkoa wa Singida, nchi ya asali na alizeti. Huko ndiko aliko mjomba wa staa, na huko ndiko aliko bibi yake. Usiku mmoja bibi akazidiwa. Gari la kumkimbiza Itigi, hospitali ya Mtakatifu Gaspar, likapatikana, ila dereva akasema wazi: bila hela ya mafuta haliondoki. Hela ipo kwa nani? Kwa staa. Anairusha kwa simu, dakika mbili tu kila kitu freshi.

Mjomba alikuwa na salio la jero. La kukopa alishakopa juzi na hajalipa. Akapiga.

"Halooo... eeh, niambie!"

"Mjomba, afadhali umepokea! Bibi yako hali mbaya, tuna gari hapa..." Mzee wa watu akaeleza yote. Kicheko kilipotokea hakukisikia vizuri, akajua mtandao unakatakata. Akapiga tena, safari hii kwa sauti ya juu zaidi. "Halooo... eeh, niambie!" Akaanza upya. Mara ya tatu hakumpata hata huyo wa kwenye mashine. Alipata ile sauti nyingine inayojulikana na kila Mtanzania: salio lako halitoshi.

Saa tano usiku, kibanda cha vocha kimefungwa. Aliyeokoa jahazi ni jirani aliyetoa hela aliyouzia asali. Bibi alifika, akatibiwa, yupo. Staa aliamka mchana, akasikiliza ujumbe mmoja baada ya mwingine, inasemekana alilia kama mtoto. Siku hiyo hiyo akaifuta ile mbwembwe.

Sasa wengi waliosikia kisa hiki wanamrushia mawe staa. Anajifanya wa mbele, kasahau kwao. Sawa, na apigwe mawe yake mawili matatu. Lakini swali kubwa linapita pembeni: ile jero ilikwenda wapi? Staa hakuichukua. Bibi hakuiona. Jero ilikwenda kwenye kampuni ya simu, kwa huduma ambayo mjomba hakuiomba, haijui, na haikumfikisha kwa mtu yeyote.

Mchezo wenyewe uko hivi. Ukipiga simu ikaita bila kupokelewa, hulipi. Ukimkuta mtu kazima, yule dada akakwambia namba unayopiga haipatikani, hulipi pia. Malipo yanaanza pale simu inapopokelewa. Sasa voisimeili ikiwashwa, simu iliyozimwa inaelekezwa kwenye mtambo, na mtambo ukijibu, kwa hesabu za mtandao simu imepokelewa. Saa inaanza kukimbia. Salamu ya sekunde 10 unalipa. Maelekezo ya "bonyeza hiki, subiri mlio" unalipa. Mlio wenyewe unalipa. Kabla hujatamka hata neno moja, tayari umeliwa.

Na hapo ndipo penye uonevu wenyewe: anayewasha voisimeili ni mmoja, anayelipa ni mwingine. Staa anaweza kuizima akitaka. Mjomba hawezi kuzima voisimeili ya staa. Njia pekee ya kujua kama iko hewani ni kupiga, na ukishapiga umeshalipa.

Kuna watu watasema ni sekunde chache, mnakuza mambo. Haya, tupige hesabu ya mfano tu. Simu milioni moja kwa siku, kila moja imeliwa sekunde 10. Hizo ni sekunde milioni 10, zaidi ya saa 2,700. Siku moja tu, kampuni imeuza maongezi ya siku 115 ambapo hakuna aliyeongea na mtu. Kidogo kidogo hujaza kibaba, na hiki kibaba si cha mjomba.

Tena kuna kitu ambacho watu wa mjini wenye bando la mwezi wamekisahau: kubipu. Nchi hii imejengwa kwa kubipu. Bipu moja nimefika, bipu mbili nipigie, bipu ya jioni chakula tayari. Mtafiti Jonathan Donner aliandika mpaka makala ya kitaaluma kuhusu kanuni za kubipu Afrika mwaka 2007, kwa sababu aliona ni lugha kamili. Ni njia ya asiye na kitu kusema jambo bila kulipa. Voisimeili inaiua njia hiyo. Unabipu simu iliyozimwa, mashine inadaka haraka kuliko kidole chako. Bipu imekuwa simu ya kulipia.

Watetezi wa kampuni wanasema mitambo ina gharama, na mtu anaweza kuacha ujumbe wa maana. Hakuna anayebisha. Anayetaka kuacha ujumbe aache, na alipie ujumbe wake. Kinachopingwa ni kulipishwa mlangoni kabla hujaambiwa umeingia wapi. Brazil wameliweka hili wazi: ukipiga ukakuta voisimeili, sauti inakwambia simu yako inaelekezwa kwenye sanduku la ujumbe na malipo yataanza baada ya mlio. Hutaki? Unakata, hujapoteza senti. Mtambo ni ule ule, tofauti ni adabu tu.

Hata Marekani walipiga kelele. Mwaka 2009 David Pogue, mwandishi wa teknolojia wa New York Times, aliwachochea wasomaji wake wayaandame makampuni kwa sababu ya yale maelekezo marefu ya "acha ujumbe baada ya mlio", kana kwamba kuna mtu hajui. Kama Mmarekani mwenye mshahara wake aliona anaibiwa sekunde 15, mkulima wa alizeti afanyeje?

Na hapa nyumbani tusijifanye jambo hili ni geni kwa wakubwa. Mwaka 2021, TCRA iliweka masharti ya vifurushi, mojawapo likiwa kwamba bando likiisha, mtandao usianze kukata salio la kawaida bila ridhaa ya mteja. Ridhaa! Neno zuri sana. Basi lifike na kwenye voisimeili. Mjomba alitoa ridhaa gani, na saa ngapi? Alipiga kuongea na mpwa wake, hakupiga kukodi mashine.

Ugumu ni kwamba serikali nayo ina mkono kwenye hiyo sahani. Kwenye huduma za simu kuna VAT na ushuru wa bidhaa. Kila sekunde inayoliwa na mashine, na kodi imo humo humo. Anayetakiwa kukemea naye anakula. Ndiyo maana kelele inabidi itoke kwa watumiaji, na mahali pa kuipeleka papo: unaanza kulalamika kwenye mtandao wako, usiporidhika unakwenda TCRA. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoanzishwa kisheria tangu 2003 kwa kazi hiyo hiyo.

Kinachodaiwa ni kidogo mno. Sekunde chache za bure mwanzoni, kwa Kiswahili kinachoeleweka: mtu wako hapatikani, unaingia kwenye ujumbe wa sauti, kata sasa kama hutaki kulipa. Pili, malipo yaanze baada ya mlio. Basi.

Wakati hilo linasubiriwa, mwenye simu ana la kufanya leo. Piga *#62# uone simu yako ikizimwa inaelekezwa wapi. Ukikuta kuna namba usiyoijua, piga ##002# kufuta maelekezo yote. Haichukui hata dakika. Hasa wewe uliyeko Dar na nyumbani wanakupigia kwa vocha ya kuungaunga. Voisi za WhatsApp zipo, meseji zipo, hakuna anayekumbuka mara ya mwisho alisikiliza voisimeili kwa hiari yake.

Staa wa watu kashajifunza. Siku hizi akizima simu, mjomba anaambiwa tu hapatikani, anabaki na jero yake, anatafuta mtu mwingine wa kumpigia. Kampuni haijarudisha kitu na haijabadilisha kitu.

Haya wadau, semeni nanyi: pale mashine inapopokea, alipe nani?