Mabaka sugu nje ya nyumba yana dawa

MVUA za masika zikishapita na baridi ya Julai ikaingia, ndipo wengi wetu hutoka nje na kuona kuwa ile sakafu ya bustanini tuliyoigharamia imegeuka sura. Mawe yamejaa mabaka, mengine meupe, mengine ya kijivu, mengine ya manjano, na mengine meusi kana kwamba mtu amedondosha lami. Ukisugua kwa sabuni ya unga, yanabaki yakikutazama tu. Wakazi wa Limuru, Kericho na Nyeri, ambako ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka, wanayajua vyema.

Mama mmoja wa Limuru ameniuliza afanyeje. Mama mkwe wake aliteleza hapo nje akaumia mkono, na sasa mumewe ameita fundi ang'oe mawe yote ya Mazeras ili apange mengine. Pesa zenyewe ni za karo ya muhula ujao. Jibu langu ni hili: mwambieni fundi angoje kwanza. Mawe mapya yakipangwa kwenye kivuli kile kile na unyevu ule ule, mabaka yatarudi.

Adui mwenyewe ni nani? Wataalamu humwita kuvumwani, na jina linasema yote: ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama mke na mume. Mwani hupika chakula kwa mwanga wa jua, naye kuvu hushika jiwe na kuhifadhi maji. Nyuzi zake huingia katika vitundu vidogo vya jiwe, ndiyo maana ufagio hauufui dafu. Si kitu kigeni kwetu. Katika karne ya 19 aina moja iliyoota kwenye miti ya pwani, iitwayo marere, iliuzwa ng'ambo kutengenezewa rangi ya zambarau.

Pengine utakuta pia ukoga wa kijani. Huo ndio huteleza zaidi, lakini ni rahisi kuutoa. Dawa ni moja kwa vyote viwili.

Chagua siku isiyo na mvua wala jua kali. Fagia majani na mchanga. Kwangua mabaka mazito kwa kipande cha mbao au plastiki. Usitumie brashi ya waya, kwani hukwaruza jiwe na vipande vyake huacha kutu. Kisha changanya kikombe 1 cha dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kama vile Jik, na vikombe 4 vya maji. Jaribu kwanza kwenye kona moja usije ukaharibu rangi ya jiwe. Mwagia mabaka, uache kwa dakika 20 bila kukauka, kisha sugua kwa brashi ngumu na usuuze kwa maji mengi. Mabaka meusi huhitaji kurudiwa baada ya wiki moja au mbili. Usife moyo ukiona alama zimebaki: kuvumwani iliyokufa huchukua muda kubanduka.

Sasa tahadhari, na hapa naomba akina mama na akina baba mnisikilize. Vaa glavu, gambuti na nguo kuukuu. Watoto, kuku na mbwa wakae mbali hadi sakafu ikauke. Mwagilia maua yaliyo kando kabla na baada ya kazi ili dawa isiyaunguze. Na kamwe usichanganye dawa hii na ile ya kuoshea choo yenye asidi, wala na kitu chenye amonia. Hutoa hewa ya sumu inayoweza kukuua.

Kuna mafundi watakaokushauri umwage asidi. Kataa. Asidi hula saruji na chokaa, na jiwe lililochimbika hushika uchafu upesi zaidi. Mashine ya maji ya kasi nayo hufukua mchanga na saruji kati ya mawe. Ukiitumia, jaza nafasi hizo tena, la sivyo mawe yatacheza.

Kinga ni bora kuliko tiba. Punguza matawi yanayoziba jua. Ziba mfereji wa paa unaovuja. Fagia kila wiki, hasa chini ya miti wanakolala ndege, kwa kuwa kinyesi chao ni mbolea ya baadhi ya kuvumwani. Hakikisha maji hayatuami: kwa kila mita 1, sakafu ishuke kama milimita 15 kuelekea nje ya nyumba. Hapo ndipo pesa za fundi zina faida, naye akiinua mawe machache tu yaliyodidimia, karo itasalimika.

Na si lazima kuua kila baka. Kuvumwani nyingi haziwezi kuishi penye moshi mwingi, kwa hivyo kuziona ukutani au kwenye mti ni dalili kwamba hewa yako ni safi. Hukua polepole sana, aina nyingi milimita chache tu kwa mwaka. Safisha njia anayopita mama mkwe, na ngazi, na mlangoni. Yale ya kwenye ukuta wa mawe kule nyuma yaache yapambe bustani.

Tukutane Jumapili ijayo.