Somo la Mazingira Litoke Darasani Lishuke Pwani

Elimu bila amali, walinena wahenga, ni kama nta bila asali. Kauli hii husikika sana katika hotuba za siku za wazazi, lakini sidhani kuna somo inaloliumbua zaidi ya somo la mazingira, kwa jinsi linavyofundishwa katika shule nyingi za mji wetu. Mtoto wa Makadara aweza kukariri faida tano za miti, akaziorodhesha kwa nambari na kupata alama zote, ilhali hajui jina la mti unaompa kivuli nje ya lango la shule yake. Aweza kuchora mzunguko wa maji kwa rangi za kupendeza, na asiweze kueleza ni kwa nini leo bahari imekupwa hadi miamba ikawa wazi, na juma lililopita haikukupwa hivyo. Tukimwita mtoto huyo mjuzi wa mazingira, twajidanganya wenyewe.

Hoja ninayotaka kuijenga hapa ni kwamba utunzaji wa mazingira ni amali, na amali haifundishiki kwa chaki pekee. Hujifunzwa kwa mikono, kwa miguu, kwa macho na kwa ulimi. Tena huhitaji mahali maalumu penye jina, ambapo mtoto atapazoea mpaka apaonee uchungu pakiharibiwa.

Ikumbukwe kwamba kizuizi si sheria wala si mtaala. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, una somo la Shughuli za Mazingira katika gredi za chini, na msingi wake ni kwamba mwanafunzi atende badala ya kukariri. Mtihani wa KCPE, ambao kwa miaka mingi tuliusingizia kwamba ndio uliotufungia ndani ya kuta nne, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Pingu zimelegezwa, lakini miguu yetu ingali imezoea kusimama pale pale.

Matokeo yake ni kwamba kule kutenda kumegeuzwa kuwa kazi ya karatasi. Mtoto huagizwa alete picha za mikoko. Mzazi hukimbilia kwenye saiba jioni, akalipia picha zichapishwe, akazibandika yeye mwenyewe usiku mtoto akiwa amelala, na asubuhi mtoto akasifiwa kwa umilisi. Picha hizo huenda zilipigwa katika nchi ya mbali, ilhali mikoko yenyewe i hai katika hori ya Tudor, safari fupi tu ya matatu kuelekea Mikindani na Jomvu.

Kuna kosa jingine ambalo ni la hatari zaidi. Katika shule nyingi, kuokota taka na kufagia uwanja ni adhabu. Aliyechelewa huokota karatasi. Aliyepiga kelele hufagia. Siku moja mwalimu huyo huyo husimama mbele ya darasa na kusema kuwa usafi wa mazingira ni wajibu mtukufu. Mtoto si mjinga. Amekwisha kujifunza, kwa vitendo hasa, kwamba kutunza mazingira ni fedheha ya wakosaji. Darasa zima la maneno haliwezi kulifuta somo hilo.

Kisha kuna hizi siku za kupanda miti. Sizibezi. Serikali ilitangaza mwezi wa Disemba 2022 azma ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 taifa zima lilipewa likizo ili lipande. Lakini kupanda ni kazi ya siku moja na kulea ni kazi ya miaka. Mche uliopandwa mbele ya kamera na usiorudiwa tena humfundisha mtoto kuwa mazingira ni sherehe.

Jambo hili laonekana wazi zaidi kwenye mikoko. Mtu asiyejua huona tope na akadhani kila mche utamea popote. Sivyo. Mlilana hukaa mbele, ukitazamana na bahari. Mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyopindana kama miguu ya kaa, hufuata nyuma yake. Kisha huja muia na mkandaa, na mchu hupatikana hata kule juu ambako maji hufika wakati wa bamvua tu. Ukiupanda mkandaa mahali pa mlilana, umeutupa. Ujuzi huu hauwezi kuchapishwa kwenye bango. Mtoto aupata kwa kuingia topeni maji yakiwa yamekupwa na kuihesabu miti kutoka ukingoni hadi nchi kavu. Hapo hapo ataona kwamba mbegu ya mkoko huchipuka ingali inaning'inia kwenye mti mama. Akilionja jani la mchu atasikia chumvi, kwa sababu mti huo huitoa chumvi kupitia majani yake. Na akiuliza vile vijiti vilivyochomoza topeni kama kalamu ni vya nini, ataelezwa kuwa ni mizizi ya kupumulia. Akishafahamu hivyo, ndipo ataelewa yaliyotokea Mwache wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, mito iliposhusha tope jingi kutoka bara likaifunika mizizi hiyo na mikoko ikafa kwa kukosa pumzi. Shamba lililolimwa vibaya huko juu na mti uliokufa huku pwani vitakuwa kitu kimoja katika akili yake.

Mfano wa kujifunza kwa kutenda tunao karibu. Mnamo 1971, René Haller alipewa kazi ya kuotesha miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali palipobakia mwamba mtupu. Alijaribu aina 26 za miti, na ni aina tatu tu zilizostahimili, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani ya mivinje yalipoanguka hayakuoza, kwa hiyo akaleta majongoo wayale na kuyageuza kuwa mboji. Leo mahali hapo ni bustani ambayo maelfu ya wanafunzi wameizuru. Lakini ziara nyingi za shule huishia kwa twiga na kiboko. Somo kubwa zaidi liko kwa jongoo, na mtoto apaswa kuinama ili alipate.

Wasomaji wa Makadara watauliza: sisi wa kisiwani, tuliozungukwa na mawe na saruji, tuna darasa gani la nje? Nami nasema kwamba hakuna sehemu ya mji huu iliyo tajiri zaidi. Tuanze na kuta za Mji wa Kale. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, zikapakwa chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe yayo hayo, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Vichochoro ni vyembamba ili ukuta mmoja uutilie mwingine kivuli. Mwalimu akiwapitisha wanafunzi hapo kwa saa moja, wakiwa na utepe wa kupimia na daftari, watatoka wakijua kwamba mji wao umetolewa baharini na msituni. Watajua pia kwamba mikoko ilikatwa, ikapakiwa majahazini na kuuzwa Uarabuni, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuisafirisha ng'ambo mwaka 1982.

Kutoka hapo ni hatua chache hadi majini. Na hapa ndipo ninapotaka kusema kama mtu wa isimu, kwa kuwa lugha ndiyo ghala la maarifa haya. Kiswahili cha pwani kina bamvua, yaani maji makuu, na kina maji mafu. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, wakati ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Mtoto wa Mji wa Kale ambaye huusubiri mwezi wa Ramadhani juu ya dari anaijua tayari kalenda ya bahari, ila hajaambiwa kuwa anaijua. Mpe kijiti chenye alama akisimike penye maji, apime kwa mwezi mmoja, na atagundua mwenyewe kile ambacho mababu zake walikitia katika neno moja.

Hali kadhalika majina ya pepo: kaskazi, kusi, matlai, maleleji, umande. Hali kadhalika majina ya samaki, ya kaa, ya miti. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu wa chuo kikuu, wengi wao wazaliwa wa pwani, wanitajie aina za mikoko. Wengi walitoa jibu moja: mikoko. Kwao mlilana, muia na mkomafi ni mti mmoja usio na uso. Kitu kisicho na jina hakiliwi pole kikitoweka. Anayeujua mlilana kwa jina ataona siku mlilana ulipokatwa. Asiyeujua ataona tu kwamba pwani imekuwa peupe, na huenda akafurahi. Kwa hiyo namwambia mwalimu wa Kiswahili kwamba jambo hili si la mwalimu wa sayansi peke yake. Msamiati wa mazingira hauhifadhiwi katika kamusi. Huhifadhiwa kinywani mwa mtoto aliyelishika jani mkononi.

Kwamba jambo hili lawezekana, ushahidi uko Gazi, katika Kaunti ya Kwale. Wanavijiji wa Gazi na Makongeni, wakishirikiana na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, walianzisha mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo. Pato lake limeleta maji vijijini na vitabu shuleni. Kina mama wa Gazi nao wamejenga njia ya mbao ipitayo ndani ya mikoko, ambapo wageni na wanafunzi hutembea na kuelezwa. Mtoto wa huko ameona kwa macho yake kwamba mti uliosimama waweza kumnunulia kitabu. Hakuna insha inayoshinda hilo.

Naam, najua pingamizi zitakazoletwa. Wa kwanza atasema bahari ina hatari. Ni kweli, na ndiyo maana huendwa maji yakiwa yamekupwa, kwa makundi madogo, pamoja na mvuvi anayeijua pwani hiyo. Mtoto wa kisiwani asiyefundishwa bahari ndiye aliye hatarini zaidi. Wa pili atasema madarasa yamejaa na mwalimu ni mmoja. Basi lisiende darasa zima. Nusu itoke leo na nusu kesho. Wa tatu atasema hakuna fedha. Kupima maji kwa kijiti hakuhitaji fedha, wala kuhesabu na kuainisha taka zilizoletwa na mawimbi chini ya Ngome ya Yesu. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Wanafunzi na wachunguze ni plastiki zipi zingali zinafika pwani, zatoka wapi, kisha waiandikie serikali ya kaunti barua yenye takwimu zao. Hilo ni somo la hesabu, la Kiswahili na la uraia kwa wakati mmoja. Na anayedhani taka ni taka tu, na akumbuke Lamu, ambako mwaka 2018 mafundi wa majahazi waliunda Flipflopi kwa plastiki na ndara zilizookotwa, na mwaka 2019 chombo hicho kikasafiri hadi Zanzibar.

Pingamizi la nne ni la wazazi: kwamba kutoka nje ni mchezo, na kwamba alasiri ni ya madrasa. Mzazi mwenzangu, madrasa tayari humfundisha mtoto kuwa maji hayafujwi hata wakati wa kutawadha. Shule ikimfundisha maji hayo yatoka wapi na yaenda wapi, hazigombani, zasaidiana. Wala hakuna haja ya kuigusa alasiri. Saa za somo la mazingira zimo ndani ya ratiba ya asubuhi.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila shule ya kisiwani ichague mahali pamoja pa pwani, ipalee mwaka mzima na kuparudia kila muhula, badala ya ziara moja ya basi isiyokuwa na mwendelezo. Pili, wavuvi na mafundi wa jahazi na wajenzi wa Mji wa Kale waitwe kuwa walimu wa siku hizo, na walipwe, kwa kuwa elimu yao si ya bure eti kwa sababu haina cheti. Tatu, adhabu ya kuokota taka ikomeshwe shuleni, na kazi hiyo ifanywe na wote, mwalimu mkuu akiwamo. Serikali ya kaunti, ambayo Katiba imeikabidhi elimu ya chekechea na pia uzoaji wa taka, ina nafasi ya kuyaunganisha mambo haya tangu mtoto akiwa na miaka minne. Vyuo vya ualimu navyo vimpeleke mwanagenzi pwani kabla ya kumpa chaki, maana mwalimu asiyewahi kukanyaga tope hawezi kumwongoza mwingine humo.

Samaki hukunjwa angali mbichi. Watoto walio gredi ya nne leo ndio watakaoamua, baada ya miaka ishirini, kama hori ya Tudor itabakia na mikoko au itakuwa bomba la maji machafu. Uamuzi wao utategemea kama waliifahamu hori hiyo kwa miguu yao au kwa picha ya kubandika. Walimu wenzangu, muhula ujao msingoje waraka. Tazameni mwezi, hesabuni siku za bamvua, mkafungue mlango wa darasa.