MAMBO YA NYUMBANI: Bilauri Zenye Mguu

Mwezi huu tutazungumza juu ya bilauri nyembamba, zile zenye mguu mrefu. Huenda ukasema, "Mimi sina." Lakini siku ya harusi utaziazima kwa jirani. Hapo zitakuwa dhamana yako.

Hapa Pemba, katika shehia ya Jadida, Wete, mama mmoja alikuwa na bilauri sita za namna hiyo. Mwanawe alizinunua Arusha. Watu walimwambia kuwa hizo ni bilauri za mvinyo. Akajibu, "Kwangu zitanywewa sharbati." Na kweli, zilinywewa sharbati ya ukwaju tu.

Jirani yake alipoozesha binti, aliziazima zote sita. Wageni wakanywa, wakaondoka. Hata moja haikuvunjika. Zilivunjika mbili usiku, wakati wa kuosha. Jirani akaona haya. Siku nne hakupita mbele ya nyumba ya mwenzake. Wengine wakasema ni husuda ya macho ya watu harusini.

Mimi niliomba kuona vipande. Bilauri moja ilikatika mguu. Ya pili ilipasuka kitako. Nikauliza: nani aliosha, na maji yalikuwaje?

Kwanza tujue bilauri hizi zinavyofanywa. Arusha kuna karakana iitwayo Shanga, iliyoanza mwaka 2007. Mafundi wake wengi ni watu wenye ulemavu. Chupa zilizokwisha kutumika huyeyushwa katika tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Fundi huchota kioo kilichoyeyuka kwa ncha ya bomba refu la chuma. Kisha hupuliza, kama mtoto apulizavyo povu la sabuni. Kioo hutuna. Kikishapata umbo, huachwa kipoe polepole katika tanuri jingine. Kikipoa ghafla hupasuka chenyewe.

Bilauri iliyopulizwa kwa mdomo hailingani unene. Tumbo lake ni jembamba, kitako ni kinene. Ikiingia katika maji ya moto, sehemu nyembamba hupata joto upesi na kutanuka. Sehemu nene huchelewa. Moja inavuta, nyingine inakataa. Kioo hakijui kupinda, basi hupasuka. Ndivyo ilivyokuwa bilauri ya pili. Ilitolewa katika maji ya moto, ikatiwa papo hapo katika maji baridi ya kisima.

Na ile ya kwanza? Mwoshaji alishika kitako kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akazungusha kitambaa ndani ya tumbo. Ni kama kukamua nguo! Mguu mwembamba hauwezi kustahimili hayo.

Basi, ukiosha, shika tumbo lenyewe, usishike kitako. Vua pete na bangili. Tandika kitambaa chini ya beseni, tia maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Osha moja, itoe, ndipo uchukue ya pili. Maji ya kusuuzia nayo yawe vuguvugu. Kausha kwa kanga kuukuu, maana hiyo ni laini na haina kanji.

Mchanga na majivu tuwaachie masufuria. Nenda ukamtazame fundi wa vioo vya madirisha. Hakati kioo kama mbao. Huchora mstari mmoja tu juu yake, kisha hukivunja kwa mikono, nacho hufuata ule mstari. Mchanga ni mgumu kuliko kioo. Kila ukisugua unachora mistari hiyo midogo, na siku moja bilauri itafuata mstari wako.

Maji ya visima vingi yana chokaa. Bilauri ikikauka nayo, hubaki na ukungu mweupe. Sugua kwa ndimu au siki, ngoja kidogo, kisha suuza.

Usipachike bilauri moja ndani ya nyingine. Zikinasa, usizivute kwa nguvu. Tia maji baridi katika ile ya ndani, na ile ya nje isimamishe katika maji ya vuguvugu. Ya ndani itanywea, ya nje itatanuka, zitaachana. Kabatini zisimame kwa kitako, kwani mdomo ndio mwembamba kuliko pote. Zifunike kwa kitambaa kuzuia vumbi. Ukizisafirisha, zifunge kwa karatasi moja moja. Hata gazeti hili linafaa, ukishalisoma.

Ikivunjika, waondoe watoto kwanza, maana wengi hawana viatu. Okota vipande vikubwa kwa uangalifu. Vile vidogo sana bandika donge la unga uliokandwa, vitanata. Usiku, weka taa chini sakafuni, navyo vitameta. Vifukie shimoni, wala usivitupe jaani wanapochezea watoto. Na lile donge lifukie pamoja navyo, kuku wasije wakalila.

Siku ya tano yule jirani alikuja. Alileta bilauri nne na fedha za mbili. Mwenyewe akapokea bilauri, fedha akazirudisha.

"Maulidi yajayo," akamwambia, "utaosha wewe."