Si wote wa mpira wa miguu



Kila Jumamosi sisi wakubwa wa mwaka wa sita tunaandika listi ya mpira wa miguu. Wenye hawaitwe tunawatuma kukata majani. Kwa neno hili tulikosa.

Iko mdogo wetu mmoja wa mwaka wa tatu, miguu yake ilirefuka mbio, mpira unapita katikati yake. Tulimucheka sana. Kisha siku moja akasimama mbele ya wavu wa volei, akaruka, akapiga: hakuna mtu aliweza kuurudisha. (Tangu siku ile hata darasani anainua mkono!)

Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1966, naye alipenda kwanza mpira wa miguu. Lakini kwa urefu wa metre 2.18, basketi ndiyo ilimufaa, akaicheza Marekani katika NBA toka 1991 mpaka 2009. Kama tungekuwa wakubwa wake, angekata majani.

Wavu wa volei umepasuka, uko depo tangu likizo. Tunaomba wakuu watupe kamba, tutaushona wenyewe. Jumamosi hii hakuna listi. Kila mtu, msichana na kijana, ajaribu mchezo anaotaka. Majani tutakata sisi wa mwaka wa sita.