Pombe au Alkoholi? Istilahi katika Jaribio la Kupima Joto la Mwako

Katika kemia ya sekondari kuna jaribio linalofahamika sana. Alkoholi mbalimbali hutiwa, moja baada ya nyingine, katika taa ya utambi. Taa hupimwa uzito, huwashwa chini ya kopo la maji, kisha huzimwa na kupimwa tena. Upungufu wa uzito huonyesha kiasi kilichoungua. Kupanda kwa jotoridi la maji huonyesha nishati iliyopokewa. Shule ya Rungwe Mpya, huko Kasulu katika nyanda za juu za Kigoma, inaweza kulifanya kwa kopo tupu la maziwa, kipimajoto na mizani, mradi vimiminika vyenyewe vipatikane. Suala linalojadiliwa hapa si la vifaa bali la maneno.

Mwanafunzi wa huko aghalabu huzungumza Kiha nyumbani, husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha hukutana na jaribio hili kwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia katika sekondari mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na hoja iliyozoeleka tangu hapo ni kwamba lugha haina istilahi. Hoja hiyo haina uzito. TUKI ilikwisha kutoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Upungufu uliopo ni wa nidhamu katika kuchagua na kutumia istilahi.

Mfano wa kwanza ni neno joto. Katika mazungumzo ya kawaida husemwa kwamba joto limefika nyuzi 30, na pia kwamba moto una joto. Katika jaribio hili mazoea hayo huharibu hesabu. Ichukuliwe kwamba gramu 100 za maji zimepanda nyuzi 20. Hilo ni badiliko la jotoridi (au halijoto, kama wengine wapendavyo). Joto lililoingia katika maji ni 100 × 4.18 × 20, yaani juli 8,360. Ikiwa gramu 0.6 za ethanoli zimeungua, kila gramu imetoa takriban kilojuli 14 kwenye maji, ilhali thamani halisi inakaribia kilojuli 30. Zaidi ya nusu imepotelea hewani, katika bati la kopo na katika masizi ya mwako usiokamilika. Mwanafunzi anayeita vyote viwili joto hawezi hata kuuliza nusu hiyo imekwenda wapi.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Wapo wanaopendekeza kundi zima la vimiminika hivi liitwe pombe, kwa kuwa ndilo neno la wananchi. Kwa mtu wa Rungwe Mpya, hata hivyo, pombe ni kinywaji: ni pombe ya ndizi, au ni gongo, ambayo sheria ya 1966 iliita Moshi. Ethanoli imo katika vinywaji hivyo. Methanoli ni sumu. Ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, na kiasi kidogo tu hupofusha au kuua. Nairobi, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kinywaji kilichotiwa methanoli. Kabale, Uganda, mwaka 2010, makumi walikufa kwa waragi ya namna hiyo hiyo. Hakuna anayedai kwamba istilahi ingewaokoa. Lakini mwalimu anayeandika ubaoni kwamba methanoli ni aina ya pombe amesema neno ambalo mwanafunzi atalipeleka nyumbani kwa maana yake ya nyumbani. Spiriti nayo haifai, kwa kuwa ile ya dukani mara nyingi ni ethanoli iliyochanganywa na methanoli makusudi ili isinyweke, na jina halitoi onyo lolote.

Alkoholi, pamoja na kiishio -oli, huonyesha udugu ambao jaribio linautafuta. Kwa kila moli, methanoli hutoa kilojuli 726, ethanoli 1,367, propanoli 2,021 na butanoli 2,676. Kila atomu ya kaboni inayoongezeka, pamoja na hidrojeni zake mbili, huongeza takriban kilojuli 650. Kopo la Rungwe Mpya halitatoa tarakimu hizo, lakini likitumiwa kwa uangalifu litatoa mfuatano huo huo, na mfuatano ndio somo.

Itasemwa kwamba neno hili ni geni. Asili yake ni Kiarabu, al-kuhl, yaani wanja wa macho, na watu wa pwani wamejipaka wanja kwa karne nyingi. Ugeni wa aina hiyo Kiswahili kimeukaribisha mara elfu.

Wanaosanifu istilahi wana wajibu wa kutenga pombe kwa kinywaji na alkoholi kwa kundi la kikemia, na kamusi za shule zifuate. Hata kabla ya hapo, chupa iliyo katika kabati la maabara iandikwe «Methanoli: sumu», wala isiandikwe jina lolote ambalo mwanafunzi amewahi kulisikia kilabuni.